Fundi wa Runinga Nne

Fundi hakuamini runinga moja. Ukimkuta akitazama moja peke yake, ujue ni mechi. Habari za dunia alizitazama kwa runinga nne, zote zikiwa zimewashwa pamoja, kila moja na stesheni yake, naye ameketi katikati kama mtu anayesikiliza kesi.

Kibanda chake kilikuwa cha mabati, pale mtaa wa Fedha unapoishia na Kware kuanza. Upande mmoja kuna nyumba zenye malango na maua. Upande wa pili kuna magorofa yaliyobanana hivi kwamba mtu wa gorofa ya tano anaweza kumpitishia jirani wa jengo lingine chumvi dirishani. Watu wa Fedha walimletea runinga pana kama meza ya kulia chakula, wa Kware wakamletea zile za zamani zenye mgongo mkubwa. Yeye alizipokea zote kwa namna moja: aliweka kiganja juu ya runinga kama mama anayepima homa ya mtoto, akanyamaza, kisha akauliza, “Nani aliipiga?”

Maana kila mtu alikuwa ameipiga. Na kila mtu alikana.

“Runinga haipigwi,” alisema. “Inasikilizwa.”

Nilimfahamu miaka minane na sikuwahi kusikia mtu akimwita kwa jina lake. Alikuwa Fundi kwa watoto, kwa chifu, na hata kanisani, alikokwenda mara moja kwa mwaka, Krismasi, ili asikie kama spika alizozitengeneza bado zinatoa sauti. Miwani yake iliunganishwa kwa waya wa shaba. Bisibisi ilikaa mfuko wa shati, mahali ambapo watu wa ofisi huweka kalamu. Chai aliinywa kwa kifuniko cha thamosi, bila sukari, na kila anayepita alikaribishwa kuionja na hakuna aliyerudi kuionja mara ya pili.

Mimi aliniita Redio. Nafanya kazi katika stesheni moja ya Kiswahili hapa mjini. Kazi yangu ni kupokea habari za ng’ambo kwa Kiingereza, kuzitafsiri na kuzisoma. Fundi alipogundua hilo, aliacha kunisalimia kama watu wengine. Alianza kunihoji.

Kiingereza chake mwenyewe kilikuwa cha vitabu vya mitambo. Alijua sana kusema usifungue, hatari, na geuza upande wa kushoto. Lakini vita vya Gaza vilipoanza, na runinga zote nne zikajaa moshi na vifusi, akataka kujua kila neno. Nikitoka kazini jioni, na wafanyakazi wa Industrial Area wakipita kwa miguu kurudi makwao na kusimama kidogo kutazama, Fundi alinikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa na kuniuliza: hii ya kwanza imesema nini? Na hii ya pili? Picha ilikuwa moja: jengo lile lile, moshi ule ule, yule yule mwanamume mwenye fulana ya kijani aliyebeba kitu kwenye blanketi. Maneno yalikuwa manne.

Alikata ubavu wa katoni la runinga, akautundika ukutani, akaanza kuandika kwa mkaa. Stesheni hii imesema magaidi. Hii imesema wapiganaji. Hii imesema wanamgambo. Hii imesema wanaume wenye silaha. Chini yake akaandika: *watu ni wale wale, nimewahesabu kwenye picha.*

“Redio,” aliniambia, “picha inatoka mbinguni kwa satelaiti. Maneno ni ya mwenye duka.”

Sasa, runinga zenyewe hazikuwa zake zote. Moja tu ndiyo ilikuwa yake, yenye mgongo. Ya pili ilikuwa ya mama mmoja wa Fedha aliyeileta na asirudi tena. Ya tatu ilikuwa ya Mchungaji, na ya nne ya Hassan wa duka. Hapo ndipo shida ilipozaliwa.

Mchungaji alikuwa mtu wa mkoa wa Magharibi, mkubwa wa mwili na wa sauti, na kanisa lake lilikuwa gorofa ya kwanza ya jengo lililotukabili. Kwenye mimbari aliweka bendera ndogo ya Israel, kando ya chombo cha maua ya plastiki. Kila Jumapili aliiombea Yerusalemu amani kwa nguvu nyingi hata wapangaji wa gorofa ya nne waliamka. Runinga yake ilikufa sauti, akaileta kwa Fundi. Fundi aliitengeneza kwa siku mbili, kisha akasema anahitaji kuipima. Akaipima kwa stesheni ya Waarabu.

Mchungaji alikuja kuichukua, akamkuta mtangazaji wa kike aliyefunika kichwa akizungumza kwa huzuni. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

“Fundi! Bwana asifiwe. Runinga yangu imesilimu?”

“Inapimwa, Mchungaji.”

“Inapimwa na nani? Mimi niliileta ikiwa imeokoka!”

Wakati huo huo Hassan, ambaye duka lake la jumla lilikuwa hatua kumi kutoka hapo, alikuwa amesogea kuona kelele ni za nini. Akaona runinga yake mwenyewe kwenye rafu ya juu, na ndani yake mzee wa Kimarekani mwenye tai akieleza haki ya kujilinda.

“Wallahi, Fundi,” akasema Hassan polepole, “hii yangu nayo umeibatiza.”

Fundi aliwapa kila mmoja ndoo ya kukalia. Hakuwapa runinga. Aliwaambia waya haujatulia, warudi kesho. Waya haukutulia wiki tatu. Kila jioni wawili wale walikuja kudai runinga zao, na kila jioni walikaa kwenye ndoo, Mchungaji akitazama ya Hassan kwa kuridhika na Hassan akitazama ya Mchungaji kwa kuridhika, hadi Fundi alipowabadilishia nafasi. Ndipo wakaanza kutazama kwa hasira.

Siku moja kulikuwa na picha za watu wawili, mmoja katika runinga ya Mchungaji na mmoja katika ya Hassan. Kwa Mchungaji kulikuwa na kijana wa Kipalestina aliyechukuliwa na wanajeshi nyumbani kwao alfajiri. Kwa Hassan kulikuwa na bibi kizee wa Kiisraeli aliyechukuliwa na watu wenye bunduki siku ile ya kwanza ya vita, naye pia nyumbani kwake. Fundi alinigeukia.

“Huyu kijana ameitwa nani?”

“Mfungwa.”

“Amefungwa na hakimu gani?”

“Hawajasema. Hajafikishwa kortini.”

“Na bibi?”

“Mateka.”

“Huyu ametolewa kitandani, na huyu ametolewa kitandani.” Akamtazama Mchungaji. “Tofauti ni godoro?”

Mchungaji akafungua kinywa. Hassan akacheka kwa sauti, akapiga paja. Fundi akamgeukia yeye sasa.

“Wewe usicheke. Ile stesheni yako, siku ile ya kwanza, ilimwitaje huyu bibi?”

Hassan akajikuna kidevu. “Walisema... walowezi. Walisema walowezi kadhaa wamekamatwa.”

“Bibi wa miaka hiyo, na gauni la kulalia. Mlowezi?”

Kijana mmoja aliyekuwa amesimama nyuma, fundi wa kulehemu kutoka Industrial Area, akauliza: “Buda, sasa wewe uko side gani?”

“Mimi?” Fundi akanywa chai yake chungu. “Niko upande huu wa kaunta.”

Usidhani kwamba alikuwa mtu wa haki kila mahali. Kwenye mpira alikuwa mdhalimu. Timu yake ya Uingereza ilipocheza, runinga tatu zilizimwa na moja ikapewa rafu ya juu, na Fundi mwenyewe akageuka mtangazaji. Mchezaji wake akimkata mtu miguu, Fundi alisema, “Ameteleza, uwanja una maji.” Mchezaji wa timu pinzani akimgusa wake bega, Fundi alisimama juu ya ndoo: “Mwizi! Mfunge jela!” Vijana walimwambia, “Fundi, si hapo unapendelea?” Akawajibu bila kugeuka, “Msiingize haki kwenye mpira. Mpira ni kitu cha maana.”

Mimi mwenyewe nilifikiwa na ukali wake asubuhi moja nikielekea kazini. Alinisubiri mbele ya kibanda, thamosi mkononi. Alikuwa amesikiliza taarifa niliyosoma jioni iliyotangulia.

“Redio. Jana ulituambia watu kadhaa wamefariki Gaza.”

“Ndiyo, Fundi.”

“Pole yao. Waliugua nini?”

Nilicheka. Yeye hakucheka.

“Ulisema wamefariki baada ya jengo kuporomoka. Nani alilijenga? Mwenye plot wa Kware?”

“Fundi, lilipigwa na ndege.”

“Ndege wa aina gani? Mwewe?”

“Ndege ya kivita.”

“Ya nani?”

Nikanyamaza. Watu walikuwa wameanza kusimama, maana hapo kwetu mtu akinyamaza barabarani wengine husimama wajue kwa nini.

“Hata hapa,” akasema Fundi akionyesha magorofa, “jengo likiporomoka, hatusemi limechoka. Tunamtafuta mwenyewe hadi atoke mafichoni. Wewe umelala na kamusi, umekosa neno ‘kuua’?”

Nilikwenda kazini nimevimba. Nilijiambia kwamba fundi wa runinga hajui habari zinavyoandikwa, kwamba maandishi yanakuja hivyo hivyo kutoka ng’ambo, kwamba mimi natafsiri tu. Niliyasema hayo yote kichwani hadi nikafika mezani. Pale nikakuta habari nyingine kama ile, watu wengine, jengo lingine. Kwa Kiingereza jengo lilikuwa limeporomoka tena. Nikasoma mistari ya chini kabisa, ile ambayo huwa tunaikata kwa sababu ya muda, na huko ndiko ilikokuwa imeandikwa ni nani aliyerusha kombora, na kwamba jeshi lake lenyewe limekiri. Nikaipandisha juu. Nikasoma hewani: ndege za kivita za Israel zimeshambulia jengo na kuua watu kadhaa.

Mhariri wangu aliniita kabla kiti changu hakijapoa. Ni mtu mpole anayependa kunyoosha karatasi akizungumza.

“Umejiunga na vita?”

“Nimetafsiri.”

“Umetafsiri mstari wa mwisho ukauweka wa kwanza. Simu imepigwa. Mtu mkubwa anasema tunawachochea wasikilizaji.”

“Ni uongo?”

Akanyoosha karatasi. “Si uongo. Ni mapema mno.”

Hadi leo sijaelewa alimaanisha nini. Nilichoelewa ni kwamba nimeondolewa kwenye habari kwa wiki mbili na kupewa matangazo ya vifo na vitu vilivyopotea. Wiki mbili nikasoma juu ya wazee waliopumzika na ng’ombe wa rangi ya kahawia mwenye pembe moja aliyeonekana mara ya mwisho akielekea sokoni. Mama yangu kule nyumbani alifurahi, akasema sasa nasoma habari zinazoeleweka.

Jioni ya siku ile niliyoitwa na Mhariri nilikwenda moja kwa moja kwa Fundi. Nakiri nilitaka kusifiwa. Nilitaka aseme mbele ya ndoo zote kwamba Redio amesema ukweli na ameumia kwa ajili yake. Nikasimulia kila kitu. Mchungaji alitikisa kichwa. Hassan aliniletea soda kutoka dukani kwake, na hilo halikuwa jambo dogo, maana Hassan hakuwa mtu wa kugawa soda.

Fundi aliendelea kulehemu waya. Moshi mwembamba ukapanda.

“Vizuri,” alisema mwishowe. “Na yule mwanamke wa upande wa pili, wa Israel? Aliyepigwa na roketi akikimbilia handaki? Ilikuwa habari hiyo hiyo, nimeiona kwenye runinga ya tatu.”

“Nilimtaja.”

“Ulimtajaje?”

Nikatafuta kichwani. Nilikuwa nimeshughulika mno na sentensi yangu ya kwanza, ile ya ushujaa. Ya pili niliiandika haraka haraka.

“Nilisema... naye pia amefariki.”

Fundi akaweka chuma cha kulehemu chini. “Yeye aliugua nini?”

Nilimrudishia Hassan soda yake ikiwa nusu. Nililala na hasira mbili, moja ya Mhariri na moja ya Fundi, na kufikia asubuhi ile ya Fundi ndiyo iliyokuwa imebaki.

Mungu ni mwema, lakini. Haukupita mwezi nikapata nafasi yangu.

Chini ya paa la kibanda, ubavuni, Mama Njeri alipika na kuuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Alikuwa mjane kutoka Murang’a, mwenye mkono mzito wa kitunguu, na vijana wa Industrial Area walimheshimu kuliko meneja wao. Fundi naye alikuwa na dishi juu ya paa, na kila mara aliligeuza kidogo kutafuta stesheni ya tano. Siku hiyo ya Jumamosi mchana aligeuza zaidi ya kidogo. Dishi liling’oka, likateleza juu ya mabati kwa kelele kama ya treni, likatua juu ya sufuria ya Mama Njeri. Githeri ya watu wote wa saa saba ikaenda kwenye mtaro.

Kesi ilisikilizwa hapo hapo, na mzee wa nyumba kumi akaketishwa kwenye ndoo ya heshima. Alimwambia Fundi aeleze.

Fundi akarekebisha miwani. “Mzee, kulikuwa na upepo. Dishi lilianguka. Katika kuanguka kwake, githeri ikamwagika.”

“Lilianguka?” Mama Njeri alikuwa bado na mwiko mkononi. “Lilianguka lenyewe? Lilishikwa na kizunguzungu?”

“Mama Njeri, mambo hutokea.”

“Hutokea wapi? Niliyaona matako yako juu ya paa!”

Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesubiri. Niliinua mkono kama mtoto wa shule.

“Mzee, naomba kumuuliza Fundi swali moja. Fundi, umesema githeri ilimwagika. Nani aliimwaga?”

Akanitazama. Nimewahi kumwona mtu akipigwa na stima kwenye waya ulio wazi; ndivyo alivyosimama. Mchungaji akashika kinywa. Hassan akageuka kutazama ukuta, mabega yakimtikisika, na ukutani pale lilikuwa lile katoni lililojaa maneno ya mkaa.

Fundi akavua miwani.

“Mimi,” akasema. “Mimi Fundi nimemwaga githeri ya Mama Njeri. Upepo haukuwepo.”

“Sasa tunaongea,” akasema Mama Njeri, na hasira yake ikaisha hapo hapo, kama jiko lililomwagiwa maji. Hukumu ilikuwa kwamba Jumatatu Fundi apike yeye. Akapika. Alisimama mbele ya sufuria tangu asubuhi, bisibisi mfukoni, akikoroga kana kwamba anatafuta waya uliokatika. Mahindi yalikuwa magumu kama kokoto. Vijana walikula wakimpongeza, wakitema pembeni, na Mama Njeri alikaa kwenye kiti akimwamrisha aongeze chumvi. Ilikuwa siku yake ya furaha zaidi katika mwaka ule.

Fundi sasa hayuko. Binti yake alimchukua wakaishi pamoja Busia, na kibanda kinauza vifuniko vya simu. Lakini kabla hajaondoka alikuja kazini kwetu mara moja, na siku hiyo ndiyo ninayomkumbuka kwayo.

Runinga ya chumba chetu cha habari ilikuwa imezimika. Fundi wa ofisi alikuja, akaipiga, akaondoka. Nikamwambia Mhariri namjua mtu. Fundi alifika saa sita mchana akiwa amevaa koti ambalo sikujua analo, na viatu vilivyong’arishwa. Askari wa langoni alimpekua, akamnyang’anya bisibisi kwa sababu ni kitu chenye ncha. Fundi akamuuliza kwa adabu kama angependa aitengeneze runinga kwa maombi. Wakabishana hadi nikashuka kumchukua, yeye na bisibisi yake.

Runinga aliitibu kwa nusu saa. Kisha akasimama nyuma ya kiti changu. Nilikuwa nimerudishiwa habari wiki tatu kabla ya hapo, na nilikuwa natayarisha taarifa ya saa saba mchana. Mhariri alikuwa ametoka kula.

“Kwa hivyo hapa ndipo jikoni,” akasema.

“Hapa ndipo.”

Nilimwonyesha. Habari mbili zilikuwa zimeingia kutoka kule. Ya kwanza ilikuwa ya mazishi: kijana wa Kiisraeli aliyechukuliwa mateka, mwili wake umerudishwa. Alikuwa na jina, Yehezkel. Alikuwa na umri, alikuwa na gitaa, alikuwa na mama aliyesema kwamba gitaa hilo hajaligusa tangu siku ile. Ya pili ilisema watu kadhaa wameuawa katika shambulizi la ndege za Israel kwenye shule walimokuwa wamejihifadhi wakimbizi, wengi wao watoto. Mistari miwili.

Nilikuwa nimejifunza. Nilimwonyesha kwa fahari: “Tazama, Fundi. ‘Ameuawa,’ na ‘wameuawa.’ Na nani aliyeua, huku na huku. Hakuna aliyeugua.”

Akasoma polepole, kidole kwenye skrini. Nilimsubiri atabasamu.

“Hawa wa pili majina yao ni nani?”

“Hayajaletwa.”

“Huyu ana gitaa. Hawa hawana hata kijiko?”

“Fundi, nimebakiza dakika kumi na mbili.”

“Usimwondolee huyu gitaa lake,” akasema haraka, kama mtu anayeogopa nitavunja kitu. “Si kosa lake. Mwache na mama yake. Nauliza tu hawa wengine.”

Nikatafuta. Dakika kumi na mbili si muda. Nikafungua video zilizoingia asubuhi, ambazo huwa tunachukua sauti kidogo na kuziacha. Katika moja kulikuwa na baba amesimama kwenye uwanja wa shule, akiita. Hakuwa akimwambia mwandishi chochote. Alikuwa akiita neno moja, tena na tena, kuelekea vifusi. Maandishi ya chini yalisema tu: *mwanamume, analia.*

“Anasema nini?” Fundi akauliza.

“Sijui Kiarabu.”

“Hiyo si lugha, Redio. Huyo anaita mtu.”

Nikaituma video hiyo kwa mwenzetu mmoja wa kitengo cha dini anayejua Kiarabu. Zikiwa zimebaki dakika nne akajibu: ni jina la msichana, Khulud. Mwishoni mwa video baba anawaambia waokoaji kwamba ana miaka saba na anaogopa giza. Nikaandika. Nilijua Mhariri hajaidhinisha. Nilijua pia kwamba safari hii haitakuwa ng’ombe wa pembe moja. Nikaingia studio.

Nikasoma. Nikasoma habari ya Yehezkel na gitaa lake, na mama yake. Nikasoma habari ya Khulud, mwenye miaka saba, anayeogopa giza, na baba yake. Kupitia kioo nilimwona Fundi amesimama na koti lake, kofia ya askari mkononi. Sijui aliipata wapi.

Nilipotoka studio, simu ya Fundi ilikuwa inalia. Alikuwa amewaambia watu wote wa Kware wasikilize, kwamba leo yuko redioni. Akaweka sauti ya juu. Alikuwa Mchungaji.

“Fundi! Mwambie huyo msichana wako, Redio, ameharibu jina la nabii! Si Yezikeli. Ye-hez-kel. Ndiye Ezekieli mwenyewe! Mama yake akisikia atasemaje?”

Kabla hajamaliza, tukasikia sauti nyingine nyuma yake ikinyang’anya simu.

“Fundi, ni Hassan. Na huyo mtoto si Kuludi. Kuludi ni nini? Tia kh, kh! Kama unatoa mwiba wa samaki kooni. Khulud! Ni jina zuri, maana yake ni kudumu. Akisoma tena asome vizuri.”

Simu ikakatika wakibishana, lakini walibishana juu ya herufi.

Mhariri aliingia kutoka chakulani. Alikuwa amesikia taarifa kwenye redio ya mkahawa. Akachukua karatasi yangu, akainyoosha mezani kwa kiganja, akaisoma yote. Nilikwisha kuanza kufikiria juu ya ng’ombe.

“Imezidi sekunde ishirini,” akasema. “Saa kumi unairudia. Kata.”

“Nikate jina lipi?”

Akatazama karatasi tena. Akamtazama Fundi, ambaye hakumjua, na Fundi akamtazama yeye, wala hakuuliza swali lolote, jambo ambalo lilikuwa geni kwake.

“Kata hali ya hewa,” akasema Mhariri, akaenda zake.

Tulikuwa na saa mbili na nusu. Tukaenda kwenye korido, karibu na ngazi, mahali ambapo hakuna mtu. Fundi akasimama mbele yangu kama mwalimu wa kwaya. Nikayasema majina, naye akasikiliza, kichwa kimeinama upande, kama anavyosikiliza runinga iliyopigwa. Akasema mara hii kh imekuwa k. Nikarudia. Akajaribu yeye mwenyewe, akakohoa hadi machozi yakamtoka, tukacheka, tukaanza upya. Yehezkel. Khulud. Sauti zetu zikapanda bila sisi kujua, maana korido ile inarudisha sauti.

Askari wa langoni akaja mbio, rungu mkononi, bila kofia.

“Kuna nini huku? Mnagombana na nani?”

“Hatugombani,” akasema Fundi akimrudishia kofia yake. “Kuna mtoto tunashindwa kumwita. Hebu jaribu wewe, una koo nzuri.”

Askari alinitazama, akamtazama Fundi. Akaegemeza rungu ukutani, akavaa kofia, akasafisha koo.

“Khu... Khuludi.”

Fundi alimsikiliza kwa makini, macho amefumba.

“Bado kidogo,” akasema. “Ondoa hiyo i ya mwisho. Tena.”